Bunge: Mamlaka Yake na Mipaka Yake

Watu wengi wa Handeni na Korogwe hulisikia jina la Bunge kila mwaka, hasa wakati wa kujadili matumizi ya Serikali, lakini si wengi waulizao kazi yake hasa ni nini, na uwezo wake waishia wapi. Kwa kutojua huko hutokea hasara za namna mbili. Mtu mmoja humwendea mbunge kwa shauri la mpaka wa shamba, akarudi mikono mitupu, maana mbunge si hakimu. Mwingine hutozwa fedha asizopaswa kutozwa, akanyamaza, akidhani kila mwenye kitabu cha stakabadhi ametumwa na sheria. Basi tumeona yafaa kulieleza jambo hili kwa utaratibu, ili wazee wa vijiji, viongozi wa mila na walimu wapate kuwaeleza na wale wasiosoma.

ASILI YAKE

Baada ya Waingereza kuishika nchi hii ya Tanganyika, Gavana alitunga sheria kwa shauri la maofisa wake wachache. Sheria ya kodi ya nyumba na kichwa ya mwaka 1922 ilitoka kwa njia hiyo. Mwaka 1926, zamani za Gavana Sir Donald Cameron, lilianzishwa Baraza la Kutunga Sheria, likakutana mara ya kwanza Dar es Salaam mwezi wa Desemba. Mwenyekiti alikuwa Gavana mwenyewe. Pamoja naye walikaa maofisa wa Serikali 13, na watu wengine wasio maofisa ambao hesabu yao haikuruhusiwa kuzidi 10. Hao wasio maofisa walikuwa Wazungu na Wahindi, wote wamechaguliwa na Gavana. Mwafrika hakuwamo hata mmoja. Hoja iliyotolewa ni kwamba hapatikani Mwafrika ajuaye Kiingereza cha kutosha kuzungumza barazani, kwa hiyo maofisa ndio watakaomsemea.

Ikapita miaka 19. Mwaka 1945 ndipo walipoingia Waafrika wawili wa kwanza, Chifu Kidaha Makwaia wa Shinyanga na Chifu Abdiel Shangali wa Uchaga. Mwaka 1953 Gavana aliondoka katika kiti cha uenyekiti, akawekwa Spika. Mwaka 1958 na 1959 wananchi walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe, na nchi ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Baraza lile likawa Bunge.

Tumeyataja haya ya zamani kwa sababu moja. Baraza la mwaka 1926 lilikuwa na wingi wa maofisa, nao walipaswa kukubali yale ayatakayo Gavana. Liliweza kusema, lakini halikuweza kuzuia. Baraza ambalo wajumbe wake wamewekwa na mtu mmoja, na ambalo haliwezi kumwambia mtu huyo hapana, ni baraza la shauri tu. Tofauti ya Bunge ni kwamba Katiba imelipa uwezo wa kukubali na uwezo wa kukataa. Na tuutazame sasa uwezo huo.

UWEZO WA KUTUNGA SHERIA

Kazi ya kwanza ni kutunga sheria, kuzibadili na kuzifuta. Sheria huanza ikiwa mswada. Mswada hutangazwa katika Gazeti la Serikali, husomwa Bungeni mara ya kwanza, kisha hupelekwa katika kamati, na kamati yaweza kuwaita watu watoe maoni yao. Baadaye husomwa mara ya pili, wabunge wakaujadili, kisha hupitiwa kifungu kwa kifungu, na mwisho husomwa mara ya tatu. Ukipita, hupelekwa kwa Rais autie sahihi. Bila sahihi yake si sheria, hata wabunge wote wakiupigia makofi.

Kwa miaka mingi sheria ziliandikwa kwa Kiingereza, na mtu wa kawaida alihukumiwa kwa maneno asiyoweza kuyasoma. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha sheria ya kuifanya lugha ya sheria na ya mahakama kuwa Kiswahili. Hili ni jambo kubwa kwa walimu wetu, maana udhuru wa zamani kwamba sheria ni ya Kizungu umepungua nguvu.

Nguvu ya sheria itokayo Bungeni yapimika kwa jambo lililowagusa wazee wa kwetu. Utawala wa Wakilindi wa Vuga ulikuwa mkongwe kuliko serikali ya Wadachi na serikali ya Waingereza. Chini ya Waingereza, mazumbe na majumbe wa Usambaa na Uzigua walikusanya kodi na kuamua mashauri kwa madaraka waliyoandikiwa katika sheria. Mwaka 1963 Bunge liliifuta Sheria ya Machifu, na kwa maneno machache ya karatasi madaraka yale yakaisha nchi nzima. Hapo mtu aona jinsi Bunge lilivyo na nguvu. Lakini mwenye busara aona na jambo la pili. Heshima ya ukoo, matambiko, maamkizi, na ile desturi ya kumwita mzee anayejua asili ya mashamba, hayo hayakufutwa, maana hayakuletwa na sheria. Bunge liliweza kuondoa kiti cha serikali. Halikuweza kuondoa kile ambacho watu wamekishika wenyewe.

UWEZO WA FEDHA

Kazi ya pili ni kuilinda hazina. Katiba yasema kwamba hapana kodi ya namna yoyote itakayotozwa isipokuwa kwa sheria iliyotungwa na Bunge, au kwa utaratibu uliowekwa na sheria hiyo. Tena Serikali haiwezi kutoa fedha katika hazina kuu bila idhini ya sheria. Ndiyo sababu kila mwaka, kabla ya mwezi wa Julai kuanza, mawaziri huja Dodoma na hesabu zao, wakaulizwa moja moja.

Na tufuate uwezo huo mpaka barabarani. Mtu wa Handeni amevuna mahindi, apakia magunia ayapeleke Korogwe. Njiani akuta kizuizi cha ushuru. Yule mtoza ushuru amepata wapi haki ya kumsimamisha? Ametumwa na halmashauri ya wilaya. Halmashauri ina sheria ndogo ya ushuru wa mazao. Sheria ndogo hiyo imepata nguvu kutoka katika sheria kubwa za Bunge za mwaka 1982, zilizoanzisha halmashauri za wilaya na kueleza fedha zake. Na sheria kubwa imepata nguvu katika Katiba. Ni mnyororo wa pete nne, na pete moja ikikatika, ushuru ule hauna haki.

Mwaka 2017, kwa Sheria ya Fedha ya mwaka huo, Bunge lilipunguza ushuru wa mazao, uliokuwa ukifika sehemu 5 katika kila 100, ukawa usizidi sehemu 3. Tena liliagiza kwamba mtu anayesafirisha mazao yasiyozidi tani 1 kutoka halmashauri moja kwenda nyingine asitozwe. Chini ya sheria ile, mwenye magunia 8 ya kilo mia mia alikuwa na haki ya kupita. Lakini haki hiyo ilimfaa yule tu aliyeijua. Asiyeijua alifungua mfuko wake. Kwa kuwa Bunge hupitisha Sheria ya Fedha kila mwaka, na viwango huweza kubadilika, yafaa kila mwaka mwalimu au karani wa kijiji aulize halmashauri kiwango kilichopo, akibandike mahali pa mkutano.

Kadhalika ile kodi ya maendeleo, ambayo wazee waliiita kodi ya kichwa kwa kuwa ilifanana nayo, ilifutwa mwaka 2003. Kilichowekwa na sheria chaweza kuondolewa na sheria, wala hakuna njia nyingine iliyo halali.

UWEZO WA KUULIZA

Kazi ya tatu ni kuisimamia Serikali. Mbunge yeyote aweza kumwuliza waziri swali juu ya mambo ya umma, na waziri hana budi kujibu. Kamati za Bunge hupokea taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zikaona fedha za mwaka uliopita zilikwenda wapi. Waziri Mkuu akiteuliwa na Rais, hathibitiki mpaka Bunge limkubali kwa kura nyingi, na Bunge laweza baadaye kupiga kura ya kutokuwa na imani naye. Hata Rais aweza kuondolewa, ila kwa masharti magumu, baada ya uchunguzi, na kwa kura zisizopungua theluthi mbili za wabunge wote.

Mfano unaokumbukwa sana ni wa mkataba wa umeme wa dharura uliopewa kampuni ya Richmond. Mwaka 2007 Bunge liliunda kamati teule, mwenyekiti wake Dk. Harrison Mwakyembe. Taarifa iliposomwa Dodoma mwezi wa Februari 2008, Waziri Mkuu Edward Lowassa alilalamika kwamba kamati haikumhoji, kisha tarehe 7 Februari akajiuzulu, na Rais akaunda upya Baraza la Mawaziri. Angalieni vema jambo hili. Bunge halikumfunga mtu wala halikuandika hukumu. Liliuliza tu, likasoma majibu mbele ya nchi nzima. Kuuliza kwa wazi kwaweza kuwa na uzito kuliko amri.

MIPAKA

Sasa twafika kwenye mipaka. Shamba lisilo na mpaka huleta ugomvi, na mamlaka ni hivyo hivyo.

Mpaka wa kwanza ni Katiba. Bunge haliwezi kutunga sheria iliyo kinyume cha Katiba, na likitunga, mahakama yaweza kuitangaza kuwa batili. Ilipata kuwako sheria iliyomtaka mtu apingaye matokeo ya uchaguzi wa ubunge aweke kwanza mahakamani shilingi 5,000,000. Raia mmoja aliishitakia, na mwaka 2002 Mahakama ya Rufani ilikifuta kifungu kile, kwa kuwa kiliwafungia maskini mlango wa haki. Vilevile Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, au 14 kwa idhini ya mahakama, hali mvulana alitakiwa awe na miaka 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika kesi ya Rebeca Gyumi, ilisema vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba, ikatoa muda wa mwaka mmoja virekebishwe. Serikali ilikata rufani, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaikataa rufani hiyo. Walimu wa shule zetu, ambao huona madawati ya wasichana yakibaki matupu, wanajua uzito wa kesi ile. Lakini ona tena mpaka upande wa pili. Mahakama haikuandika sheria mpya. Iliamuru irekebishwe, maana kuandika ni kazi ya Bunge.

Huenda msomaji akauliza, je, Bunge likibadili Katiba yenyewe? Uwezo huo linao, lakini si kwa wingi wa kawaida. Zahitajiwa theluthi mbili za wabunge wote, na kwa mambo fulani makubwa, theluthi mbili za wabunge wa Tanzania Bara na theluthi mbili za wabunge wa Zanzibar, kila upande peke yake. Uwezo huo ulitumika mwaka 1994. Mahakama Kuu ilikuwa imekubali ombi la Mchungaji Christopher Mtikila kwamba mtu aweza kugombea bila chama, na Bunge likabadili Katiba ili sharti la chama libaki. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ilisema shauri hilo si la mahakama, ni la Bunge. Naye Mtikila alikwenda mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, na mwaka 2013 mahakama ile ikasema haki zake zilivunjwa. Hapo twajifunza kwamba hata neno la mwisho la nchi laweza kuulizwa na mikataba ambayo nchi imejifunga nayo kwa hiari yake.

Mpaka wa pili ni Rais, ambaye kwa Katiba ni sehemu moja ya Bunge. Aweza kuurudisha mswada pamoja na sababu zake. Mswada huo hauletwi tena kwake kabla ya miezi 6, isipokuwa theluthi mbili za wabunge wote wakiuunga mkono. Wakifanya hivyo, Rais hana budi kuutia sahihi katika siku 21, au alivunje Bunge. Kadhalika Bunge likikataa bajeti ya Serikali, Rais aweza kulivunja, na wabunge wote warudi kwa wananchi kuomba kura. Basi mbunge anyanyuapo mkono kukataa bajeti, ajua kwamba huenda anakikataa na kiti chake.

Mpaka wa tatu ni Muungano. Kwa mambo ya Zanzibar yasiyo ya Muungano, sheria hutungwa na Baraza la Wawakilishi la Zanzibar. Bunge haliyagusi.

Mpaka wa nne ndio uwasumbuao sana watu wetu, nao ni huu: Bunge laidhinisha fedha, lakini haliwezi lenyewe kuanzisha matumizi. Katiba yakataza Bunge kushughulikia mswada wa kutoza kodi au kutoa fedha za hazina, isipokuwa Rais amependekeza kwa njia ya waziri. Na jambo likiisha kuidhinishwa, watendaji ni Serikali.

Tuchukue habari ya maji. Tangu miaka ya 1970 kuna mradi ujulikanao kwa herufi HTM, uvutao maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyapeleka Handeni kwa mabomba. Miaka ilivyopita, mitambo ilichakaa, maji yakawa haba, wanawake wakarudia kuamka usiku kutafuta visima. Habari za mradi huo zimeulizwa Bungeni zaidi ya mara moja. Mwaka 2022 Serikali ilitia sahihi mikataba ya mradi wa maji wa miji 28, kwa mkopo kutoka India, na Handeni ikawamo. Hapo kila mmoja alifanya kazi yake. Mbunge aliuliza. Serikali ilikopa na kuandikiana na wakandarasi. Mkaguzi hukagua. Mbunge hakuwa na uwezo wa kuamuru bomba moja lilazwe ardhini. Fedha ambazo wabunge wana mkono wa karibu katika kuzigawa ni zile za Mfuko wa Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009, na hizo ni ndogo, zatosha darasa au kisima, si bomba la maili nyingi.

Kwa hiyo mgombea akisimama jukwaani na kusema, “Mimi nitawaletea maji,” msimzomee, bali mwulizeni kwa adabu: “Ndugu yetu, utauliza swali gani, katika kamati gani, na waziri akikataa utafanya nini?” Akijibu hayo, anaijua kazi anayoiomba. Asipojibu, anaahidi kisicho chake.

KILA SHAURI NA MLANGO WAKE

Kutokana na hayo, yafaa kila mmoja ajue ni mlango upi wa kubisha.

Shauri la mpaka wa shamba kati ya jirani na jirani huenda kwa baraza la ardhi la kijiji, kisha ngazi za juu za mabaraza na mahakama. Mbunge hana hukumu juu yake, na akijaribu kuitoa aingilia kazi ya wengine.

Ugawaji wa ardhi ya kijiji huenda kwa halmashauri ya kijiji, lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema halmashauri hiyo isigawe ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Yaani nyinyi wenyewe, mkiisha kukaa chini ya mwembe na daftari la mahudhurio, mna uwezo ambao Bunge limewapa. Asiyehudhuria mkutano amekabidhi uwezo huo kwa waliohudhuria.

Ushuru wa halmashauri ukizidi, swali la kwanza ni kwa diwani: sheria ndogo ipo, na inasemaje? Ikiwa sheria ndogo yapita mpaka wa sheria kubwa, hapo ndipo mbunge afaapo, na mahakama ipo pia.

Lakini sheria yenyewe ikiwa mbaya, wala si mtu aitumiaye vibaya, huo ndio mlango wa Bunge hasa. Andikeni barua kwa mbunge, mtaje sheria, mwaka wake na kifungu, mweleze madhara yake kijijini. Barua isemayo “tunaonewa” ni rahisi kuwekwa kando. Barua isemayo “kifungu hiki kimetutoza hivi, na stakabadhi hii hapa” ni vigumu kuijibu kwa maneno matupu.

Wazee wa mwaka 1926 walisemewa na wengine kwa kuwa ilidhaniwa hawajui lugha ya baraza. Lugha ya Bunge leo ni Kiswahili, na Handeni na Korogwe zina majimbo yao na wabunge wao. Lililobaki ni maarifa, na maarifa hayaletwi na uchaguzi. Huletwa na mwalimu asomaye sheria kwa sauti mkutanoni, na mzee aulizaye, “Kifungu hicho kinasema hivyo kweli?” mpaka aonyeshwe.